Mstari Mmoja Juu ya Maneno ya Mwenyekiti

Makatibu wenzangu mliobaki ofisini, mliniomba niwaachie maelezo kidogo ya kazi, nikawajibu kwamba nitaandika nikishapumzika. Nimestaafu, huu ni mwezi wa nne, na kupumzika bado. Mtu akipiga hodi getini kwangu hapa Sombetini, jambo la kwanza ninalojiuliza si nani, ni daftari liko wapi. Basi msitegemee kuchekeshwa sana. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Mnazijua, na za kwangu hazikuwa ndefu.

Niliripoti chuoni nchi ikiwa na chama kimoja na ofisi yetu ikiwa na taipureta mbili, moja imekatika mguu wa herufi K. Nilikuwa nimetoka Machame na cheti cha uhazili kwenye bahasha, sketi niliyoshonewa na shangazi, na woga wa milango. Kila mlango pale ulikuwa na jina lililoanza na Profesa au Dokta, nami nikawa nagonga kwa ukucha. Aliyenipokea ni Mama Kaaya, Mmeru wa Kikwe, katibu muhtasi wa mkuu wa chuo, mwanamke mfupi aliyevaa sweta mwaka mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hatimkato umefika ngapi?"

"Maneno themanini kwa dakika, mama."

"Hapa wanasema mia na ishirini. Usiogope, arobaini huwa hazina maana. Kazi yako ni kujua zipi. Karibu."

Ninyi mnaorekodi kwa simu hamkuisoma hatimkato, kwa hiyo niwaeleze. Ni maandishi ya vistari na vipinda, ya kuyakimbiza maneno kwa kasi ya anayeyasema. Asiyefundishwa akifungua daftari ataona nyayo za kuku. Mama Kaaya alinifundisha kuingia kikaoni na penseli tatu zilizochongwa kwa wembe, kwa sababu kalamu ya wino hukauka mtu mkubwa anapoanza kusema jambo kubwa. Alinifundisha kukaa kushoto kwa mwenyekiti, kuzungusha karatasi ya mahudhurio kabla ya chai, maana baada ya chai watu hutoroka, na kamwe nisicheke kabla mwenyekiti hajacheka. Na alinifundisha kuiogopa ajenda ya mwisho, ile ya Mengineyo. Ajenda nyingine zote watu wamezisoma nyumbani. Kwenye Mengineyo ndipo mtu husema alichokuja nacho moyoni.

Hapo kuna desturi ambayo sijui kama mmeikuta. Mtu akitaka neno lake lisiandikwe husema, "Mama, hili lisiingie," na katibu hulaza penseli mezani, wote waione. Desturi nzuri, ila ina kasoro moja: hakuna binadamu anayesema "lisiingie" kabla ya kusema. Wote hukumbuka wakishamaliza, na mimi nikishaandika. Nilipomuuliza Mama Kaaya nifanye nini na yale ambayo yameshaingia, akasema, "Yapigie mstari. Mmoja tu, katikati. Usikwangue, usichane. Mstari maana yake hayachapwi."

"Lakini yanasomeka, mama."

"Yanasomeka na nani? Wewe na mimi." Kisha akainua macho. "Na nikifa mimi, wewe peke yako. Ndiyo maana nakwambia mwogope Mungu."

Yeye alikuwa na kipimo chake cha mafanikio, nami nilikirithi. Mafanikio ya katibu, alisema, ni kustaafu bila kuitwa kwenye chumba ambacho hukukiandalia chai. Alistaafu hivyo, akarudi Kikwe kwenye migomba yake, na miaka mingi baadaye tukamzika huko kwa nyimbo za Kilutheri. Nililia kuliko watoto wake. Nilikuwa namlilia yeye, na kwa sehemu nilikuwa najililia, kwamba sasa nyayo za kuku za ofisi nzima zilikuwa zangu.

Watu mjini wana imani moja kuhusu siasa za wakubwa, na mngekuwa mnaandika vikao vyao mngeicheka. Wanaamini profesa ni mpinzani kwa sababu amesoma, na mkurugenzi wa kampuni ni mtu wa chama tawala kwa sababu ana mali. Zama za chama kimoja hapakuwa na la kuamini. Tawi la chama lilikuwa palepale kazini, na maprofesa walibishana kuhusu ukombozi wa mkulima huku mkulima akiwafyekea nyasi dirishani. Vyama vingi vilipokuja ndipo kila mtu akapata nafasi ya kudhaniwa. Nami niliwachapia wasifu wao. Profesa aliyeisema serikali vibaya zaidi kwenye kongamano ndiye aliyekuja Ijumaa na kurasa kumi na moja, akaninong'oneza nichape vizuri, kuna mahali zinakwenda. Siku ambayo fununu zilisema mkeka, ile orodha ya uteuzi, unatoka, hakuna aliyezima simu darasani. Kwao aliyefanikiwa ni aliyeteuliwa, na asiyeteuliwa anaitwa mtu wa misimamo.

Wakurugenzi waliokuja kwenye Bodi walikuwa na namna yao. Kwao aliyefanikiwa ni yule ambaye akipiga simu juu inapokelewa. Walikuja na beji ya chama kifuani, na ukutani kwenye ofisi zao kulikuwa na picha wakishikana mikono na wakubwa. Dereva wa mmoja wao aliwahi kunionyesha buti la gari. Kulikuwa na kofia za chama tawala kwenye mfuko mmoja, na za wapinzani kwenye mfuko mwingine, zote mpya. "Za dharura," alisema, wala hakucheka.

Gari hilo lilikuwa la Bwana Shirima, mkurugenzi wa kampuni ya kusafirisha maua na mboga nje ya nchi, aliyekuja kuwa mwenyekiti wa Bodi yetu. Sina ubaya naye. Alikuwa mtu mpole, aliyejua majina ya wafagizi, na mume wangu alipofariki alikuja msibani akakaa hadi mwisho. Nayaandika haya ili mjue kwamba niliyemwogopa hakuwa mnyama.

Mwaka wangu wa mwisho kazini kulikaa kikao cha pamoja cha Bodi na wahadhiri waandamizi, kumchagua mhitimu wa zamani atakayesimamishwa kwenye mahafali kama mfano wa mafanikio. Wakurugenzi walitaka mwenye mahoteli. Maprofesa walitaka aliyeteuliwa mkuu wa wilaya. Walikuwa wanaelekea kukubaliana kwamba wote wawili wasimame, aliponyanyuka Dokta Laizer.

Dokta Laizer alikuwa mhadhiri wa uchumi, Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyelelewa akiita ng'ombe kutoka bonde la pili. Ndiye mtu pekee niliyemjua ambaye hajawahi kutamka "lisiingie". Yeye alikuwa akisema, "Mama Neema, andika," kisha anangoja nimalize ndipo aendelee. Siku hiyo alimpendekeza mwanamke mmoja wa Kikwe, aliyesoma kwetu, akarudi kwao akawapangia wakulima zamu za maji ya mfereji. Bahati mbaya mama huyo aliwahi kugombea udiwani kwa tiketi ya upinzani, akashindwa.

"Dokta, huyo amefanikiwa nini?" Profesa Massawe, mkuu wa chuo, aliuliza.

"Watu walikuwa wanakatana mapanga kwa ajili ya maji, Profesa. Sasa wanasalimiana. Mama Neema, andika hilo."

Nikaandika. Hoja yake ikashindwa, na hakukasirika. Tukafika Mengineyo. Chai ilikuwa imeshapita, watu wamelegea, na sijui nini kilimgusa Bwana Shirima, labda yule mama wa mfereji, labda uchovu tu. Alivua miwani akasema: "Tusidanganyane, ndugu zangu. Hawa jamaa wamechoka, na wanajua wamechoka. Mimi nawachangia hawa, na wale wengine nawachangia vilevile, kwa sababu sijui kesho nitampigia nani magoti. Haya si mafanikio. Huu ni woga uliovaa suti."

Nakumbuka kijiko cha mtu mmoja kilivyoacha kuzunguka kikombeni. Kisha mwenyekiti akavaa miwani, akanigeukia. "Mama, hili lisiingie."

Nikalaza penseli. Halafu nikaiinua, nikapiga mstari mmoja katikati, kama nilivyofundishwa.

Nani aliyatoa nje sijui hadi leo, na mimi sikuwa. Jumatatu maneno yalikuwa yamefika mjini. Yalifika bila mwenyewe, kwamba kwenye kikao cha chuo fulani mtu amesema wakubwa wamechoka na wapinzani wanachangiwa. Watu wakaulizana nani angeweza kuthubutu, na jibu walikuwa nalo hata kabla ya swali. Mkurugenzi ana picha ukutani, hawezi. Msomi, tena mwenye sauti, tena aliyempendekeza mpinzani siku hiyohiyo, nani mwingine? Kufikia Ijumaa hata walinzi wa getini walikuwa wanajua kwamba ni Laizer. Watu kumi na wanne waliokuwa chumbani wote walijua kwamba si yeye. Nilihesabu kwenye karatasi ya mahudhurio, na mimi ndiye wa kumi na tano.

Akaandikiwa barua ya kusimamishwa kazi, akisubiri kamati ya nidhamu. Barua niliichapa mimi.

Hapo ndipo nilipojifunza woga kwa kina chake. Usingizi ulikata. Nililifunga daftari kwenye kitenge, nikalificha kwenye debe la unga, nikalitoa, nikaliweka chini ya godoro, nikalitoa tena. Namba nisiyoijua ikanipigia siku tatu mfululizo, nikiipokea haongei mtu. Siku ya nne ikaongea: alikuwa kijana anauza viwanja. Nikaikata, nikakaa chini sakafuni kana kwamba alikuwa yule niliyemwogopa. Ofisini alikuja mtu mwenye viatu safi sana, akakaa mapokezi na gazeti moja saa mbili nzima bila kufungua ukurasa wa pili, akaondoka. Hakuniuliza kitu. Ningeshukuru angeniuliza.

Profesa Massawe ndiye aliyeuliza. Alisimama mbele ya meza yangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya, huwa ananiita.

"Mama Neema, umebakiza miezi mingapi?"

"Mitano, Profesa."

"Mungu akufikishe salama." Akachukua penseli yangu, akaitazama ncha, akairudisha. "Siku ile ulilaza penseli. Wote tuliona."

"Ndiyo, Profesa."

Mnaomjua mnajua kwamba si mtu wa vitisho. Alikuwa anangojea mkeka.

Jumamosi Dokta Laizer alikuja kwangu na mkewe. Walikaa kwenye kochi, hawakugusa soda. Alikuwa amekonda. Akasema, "Mama, sikuombi useme uongo. Najua mkono wako haubaki nyuma. Yaliyosemwa unayo. Ukiisoma hiyo sehemu mbele ya kamati, imekwisha. Usiposoma, nimekwisha mimi. Kazi itaondoka, na hakuna chuo kitakachonichukua na sifa hiyo, na hao wakubwa wataanza kunitafuta kwa mambo yao."

"Dokta, na wengine waliosikia?"

"Nimewaendea wote. Wote wana watoto." Akatazama picha ya Neema wangu ukutani, akaona aibu kwa alivyosema. "Samahani, mama."

Nikamwambia nitaomba Mungu. Mtu akikwambia hivyo, wanangu, jueni ameshaamua. Mkewe alielewa kabla yake, alisimama kwanza.

Kamati ilikaa chumba kilekile. Chai aliandaa mtu mwingine. Aliyeongoza alikuwa wakili kutoka nje, mtu wa haki kwa kadiri alivyoweza, na Bwana Shirima alikaa pembeni kama mwenyekiti wa Bodi. Nilikuwa na daftari kwenye pochi. Nasema ukweli: nilikwenda nalo. Nilijiambia nikiulizwa waziwazi nitalifungua.

Wakili akauliza, "Mama, maneno haya yanayodaiwa yamo kwenye kumbukumbu zako?"

"Hayamo kwenye muhtasari, mheshimiwa."

"Sikuuliza muhtasari. Nimeuliza daftari lako la mkono."

Niliulizwa waziwazi. Bwana Shirima alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na nikaona kwamba anaogopa kuliko mimi, uso umempauka, macho yake yananiomba kama mtoto. Dokta Laizer hakuniomba. Alikaa wima, amegeuza sikio upande wangu, anangoja kusikia.

"Mwenyekiti wa kikao alisema yasiingie," nikasema. "Yaliyofutwa hayasomeki."

Sentensi mbili. Ya kwanza ilikuwa kweli. Ya pili niliisema nikiwa na pochi magotini, na vidole vyangu vilikuwa vinagusa waya wa daftari kupitia kitambaa. Wakili akaandika. Dokta Laizer akafumba macho kidogo, kisha akasema taratibu, "Asante, mama." Nimetukanwa maishani, nimefokewa na wakuu wa chuo wanne, lakini hakuna neno lililoniumiza kama hiyo asante. Alifukuzwa kazi kabla mwezi haujaisha. Barua hiyo pia niliichapa.

Miezi mitano ikaisha. Mlinifanyia sherehe nzuri, keki mliandika jina langu vizuri, na wali ulikuwa wa kutosha. Mtakumbuka Bwana Shirima alivyonikabidhi saa ya ukutani na kusema kwamba kama mtu anataka kujua mafanikio ni nini amtazame Mama Neema, miaka yote hiyo na siri haijawahi kutoka. Mkapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Saa ile sijaitundika.

Wiki tatu zilizopita nilikaa mezani, nikalifungua daftari, nikayatoa maneno ya siku ile kwenye vistari na kuyaandika kwa mwandiko wa kawaida, yote, ya mfereji na ya woga uliovaa suti, na nani alisema nini. Sikwenda kuchapisha stesheneri. Niliogopa kijana wa pale asije akasoma. Nikatia sahihi, nikaweka tarehe. Nikaandika chini kwamba nilidanganya kamati, na niko tayari kuapa. Nilijiona nimeshinda kitu. Asubuhi nikapanda gari la Namanga, nikashuka Oldonyo Sambu kwenye upepo na vumbi, nikaulizia kwa Laizer mwalimu.

Nilimkuta anapalilia viazi. Mkewe alinisalimia vizuri, akaenda jikoni, hakurudi. Nikamwomba Dokta msamaha nikiwa nimesimama, nikashindwa kuzuia machozi, nikampa karatasi. Nikamwambia rufaa bado inawezekana, kwamba nitakwenda popote, kwa yeyote, na safari hii nitasoma.

Aliisoma mara mbili. Kisha akatazama nyuma yangu, kule barabarani.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, Dokta."

"Nani amekuona ukiuliza kwangu?"

"Mama mmoja muuza mahindi. Dokta, hii ni haki yako."

Akaikunja karatasi mara nne, akanirudishia mkononi na kunifunga vidole juu yake. Alisema kwa sauti ndogo, mpaka nikasogea kumsikia. "Mwanangu wa kwanza amepata kazi serikalini mwezi uliopita. Kazi ya maana, mama. Mimi siku ile sikusema kitu. Na mwenyekiti hakusema kitu. Tulijadili mahafali, tukanywa chai, tukaondoka. Hata yule mama wa mfereji, sikumbuki kama nilimtaja."

"Nimeyaandika, Dokta. Uliniambia niandike."

"Basi ulisikia vibaya."

Alinisindikiza hadi barabara kuu, kama heshima inavyotaka, tukazungumza habari za mvua. Tulipokuwa tumesimama pale, gari jeupe likatokea upande wa Namanga, linakuja taratibu, vioo vyeusi. Dokta Laizer akainama ghafla, akageuzia barabara mgongo, akawa anafunga kamba za viatu, anazifunga na kuzifunga, mpaka gari likapita na vumbi likatulia. Alikuwa amevaa ndala.